Gari Langu Haliendi Yadi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari asema moyo wangu umechoka. Angefundisha jiometri miaka niliyofundisha mimi, wake ungekuwa umelala zamani. Binti yangu ataka tupeleke gari yadi, kwa wauza magari, walipokee, aongezee akiba yake, watupe dogo lenye viti vya juu. Amechoka kunipakia kama gunia la unga kila siku ya kliniki. Akaja mtu wa yadi: tai nyekundu, viatu vimechongoka. Akalizunguka gari langu, akalipiga teke tairi, akataja bei ya sufuria kuukuu. Mwisho Ijumaa, akasema. Nikamwonyesha geti. Nitauza mwenyewe! Binti amenipa hadi Ijumaa hiyo hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika tangazo: “Gari la mwalimu mstaafu. Limeendeshwa kwa adabu.” Akaja karani mmoja na fundi wake. Fundi akaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, eti anasikiliza. Akasema inagonga. Nikasema inanguruma. Akajibu, “Mzee wangu, hiyo inabisha hodi, inaomba kutoka.” Wakaondoka wanacheka. Mbumbumbu wawili!

Kwa kuwa niko ukingoni mwa kaburi, naungama: asubuhi niliimiminia oili nzito ya trekta ili inyamaze. Haikunyamaza. Siku hizi hata oili haina uaminifu.

Jumatano, 5 Machi

Wazo la kipekee! Nani atamshuku mtu anayeaga dunia? Nimeketi barazani na blanketi, kipima joto mdomoni. Kila mnunuzi nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sitaumaliza mwezi, na mtu wa hali yangu hasemi uongo kuhusu injini. Mwenye duka la saruji alinishika mkono, machozi yakimlenga. Mama wa saluni aliniletea machungwa, akauliza watoto wangu ni wangapi, nani mkubwa, na kama wanaelewana. Wote wawili nikawapa namba ya binti yangu, wamfariji wakati ukifika. Hakuna aliyelipa leo. Huzuni imewazidi. Kesho watapigana getini.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna aliyekuja.

Jioni binti aliingia bado ana mkoba begani, akauliza, “Baba, umewaambia watu nini?” Simu yake imelia kutwa nzima kazini. Mwenye saruji ametoa rambirambi mapema, akauliza warithi wataliuza kwa kiasi gani, maana wafiwa huwa na haraka. Mama wa saluni kauliza vivyo hivyo, ila yeye aliongeza swali: msiba ni lini, apange ratiba ya wateja. Mkwe wangu, mlafi yule, alicheka hadi chai ikampanda puani. Kisha akauliza kwa upole kama naye anaweza kuwekwa kwenye foleni. Fisi watupu!

Ijumaa, 7 Machi

Tai Nyekundu karudi. Nilikuwa tayari kumkubalia, kwa shingo upande. Bei ya Jumatatu haipo tena, akasema; amesikia habari zangu sokoni, hana haraka. “Pumzika, mzee. Tutaongea na familia.” Nikamrushia chungwa. Sikumpata.

 Binti akanipakia garini kwa ajili ya kliniki, mkono mmoja kwapani, mwingine kiunoni. Nikamsikia akiugulia mgongo. Nilipokwisha kaa alinifunga mkanda, akanifuta jasho kwanza, lake baadaye. Niliangalia dirishani. Daktari kapima, kashangaa: moyo una nguvu kuliko wiki iliyopita. Nikamwomba asimwambie mtu. Kisha nikafikiri. Nikamwomba amwambie kila mtu!

Jumamosi, 8 Machi

Kosa nimeliona, na si langu: watu hawa hawajui kuomboleza bila kupiga hesabu. Dawa ni moja. Kesho, binti akienda sokoni, nitaliosha gari mwenyewe mbele ya mtaa mzima, kisha nitapanda juu ya paa nilisugue nikipiga mluzi. Daktari amekataza hata ngazi, lakini daktari hauzi gari. Tangazo jipya liko tayari: “Gari la mwalimu mzima kama chuma. Sababu ya kuuza: anapenda kutembea.”

Mama wa saluni amepita mara mbili leo, polepole, akichungulia.

Binti yangu, ikiwa unasoma haya na mimi nimeteleza: usimpunguzie hata senti.