Uso wa Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Juni

Leo ndiyo leo! Kigango chetu cha kanisa hapa Chanika kinatimiza miaka ishirini na mitano, na kamati imetangaza shindano la kubuni kitenge cha jubilei. Mshindi atapewa kazi zote za sherehe: fulana, kadi, mabango, hadi vikombe. Kazi ya mwaka mzima. Kwangu mimi, Audax, mbunifu wa kujitegemea!

Mke wangu Editha hakushangilia. Aliendelea kupanga nyanya gengeni, akasema haya, lakini hili ni la mwisho. Nikishindwa, naenda Wazo kufyatua matofali kwa kaka yake, shemeji Stanley. Wameshaongea. Wameshanitafutia hadi buti! Nikamkumbusha kwamba mashindano yaliyopita sikushindwa, ni majaji ndio hawakuwa tayari. Eti simba wangu wa nembo ya timu ya mtaa alifanana na mbuzi. Watu wasiojua sanaa utawafanyaje.

Mikono hii haikuumbiwa koleo.

Jumatano, 4 Juni

Mpinzani nimeshamjua. Tupokigwe, yule dada jirani anayechora kadi za harusi. Nimechungulia status yake kwa simu ya Editha, asije akaona jina langu. Amechora majani ya mhogo na kengele. Majani ya mhogo! Nimecheka mpaka nikapaliwa. Anataka tuvae kisamvu kanisani? Nikamtumia ujumbe wa kumtia moyo, nikamshauri ajaze zambarau kila mahali, maana najua zambarau itaua ule mchoro. Akajibu asante kaka Audax, Mungu akubariki. Maskini, hajui kitu.

Mimi sichori mboga. Mimi nasoma watu. Mwenye kauli kwenye kamati ni mwenyekiti, Mzee Albano, mwalimu mkuu mstaafu. Huyu hata akisoma tangazo la mavuno lazima aanze na jinsi alivyokitafutia kigango kiwanja. Sasa mtu kama huyo unambunia nini? Unambunia yeye mwenyewe. Uso wake, mkubwa, katikati ya kitenge. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama sioni haya.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Albano. Shikamoo nimempa mlangoni, nikampa nyingine sebuleni. Nikamwambia naomba picha yake kwa ajili ya kumbukumbu ya kigango. Akakataa, akasema yeye ni mtumishi tu. Halafu akaingia ndani, akatoka na suti. Upande wa kushoto ndio mzuri, akaniambia. Akauliza kwa sauti ya chini kama miwani itaonekana. Nikamhakikishia itaonekana hadi barabarani.

Hapo kuna shindano tena?

Ijumaa, 6 Juni

Kitambaa kimerudi kutoka kuchapwa Kariakoo. Uso umetoka mkubwa kama sinia la pilau, meno yote yapo. Masharti yanataka kila mbunifu alete nguo iliyoshonwa, ivaliwe kanisani Jumapili baada ya matangazo. Ya kwangu itavaliwa na Apolonia wa kwaya. Amejaaliwa umbo yule dada, nguo kwake inajaa.

Nimempelekea fundi Nurdin. Akaanza maneno. Anapinda kitambaa huku, anapinda kule, eti gauni la kubana lina mikato mingi kifuani, picha itakwenda vipande vipande. Nikamkatisha. Nikamwambia sharti langu ni moja: uso usikatwe, sikio hadi sikio, autafutie sehemu pana auweke mzima. Akanitazama. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mbunifu ni mimi. Akasema sawa bosi.

Mafundi wanapenda kubisha ili waonekane wapo.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa hadi nje. Sijui nianzie wapi.

Tupokigwe alitangulia na kisamvu chake. Zambarau hakuweka hata tone. Kiburi! Watu wakapiga makofi. Kisha akaja Apolonia. Kwa mbele gauni lilikuwa na maandishi tu, ASANTE MWENYEKITI WETU. Uso hakuna. Mzee Albano, aliyekaa benchi la mbele na suti ileile, akaanza kunyoosha shingo kujitafuta. Na mimi nikaanza kumtafuta. Apolonia akageuka kurudi kwenye kwaya.

Jamani!

Sehemu pana. Nurdin aliipata. Mzee alikuwa huko nyuma, chini ya kiuno, mzima kabisa, na miwani yake, anatabasamu. Na kila Apolonia alipopiga hatua, mzee alikonyeza. Jicho la kushoto, jicho la kulia. Besi ya kwaya ikakata. Padri akatazama dari. Mama Albano akasimama, akatazama gauni, akamgeukia mumewe kama vile alijipeleka pale mwenyewe. Ndipo Apolonia akaketi. Juu yake! Kanisa zima likasema uuuwi.

Niliona aibu, nasema kweli. Nilitokea mlango wa sakristia.

Jumanne, 10 Juni

Majani ya mhogo yameshinda. Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Albano, nikaishia dirishani. Mama Albano akasema mzee hatoki, maana kijiweni wanamuuliza kama alikaliwa vizuri. Nikasema kosa ni la fundi. Akafunga dirisha.

Tupokigwe naye amepata pa kunidhalilishia. Ametuma ujumbe, eti kazi ni nyingi, kama ninaweza nimsaidie fulana na mabango, tugawane. Mimi, niwe chini ya kisamvu! Nimemjibu nimebanwa na kazi. Editha alikuwa nyuma yangu, akausoma wote. Aliingia ndani akaja na buti.

Alhamisi, 19 Juni

Wazo. Matofali. Mgongo sina. Jana nilichora ua kwenye tofali bichi, shemeji Stanley akalifuta kwa kiganja, akasema tofali halihitaji ua. Ukoo mzima hauna jicho.

Lakini mtu mzima hujitathmini. Nimekaa, nimetafakari kosa langu kwa unyofu, na nimeliona: ni kushona. Uso haukuwa na shida, uso ulikuwa mzuri. Kilichoniponza ni nguo. Inakatwa, inavaliwa, inageuka.

Mchana huu nimeona tangazo kwenye simu. Kampuni moja ya Msasani inashindanisha wabunifu wa mazulia ya mlangoni, ya ofisi zake zote. Zulia halishonwi! Halivaliwi! Unaliweka, linatulia palepale, na hakuna anayeingia bila kuliangalia. Nimeshampigia katibu muhtasi kuomba picha ya mkurugenzi. Ana uso mpana, ameniambia. Utaenea mlango mzima.