Kufuli Moja, Kiti cha 14

Jumatatu, 9 Juni
Ijumaa baleinière, ile boti ndefu ya mbao ya bosi wetu Papa Hubert, inapanda maji kutoka Yangambi hadi bandari yetu na kurudi huko jioni, na tiketi zote za kwenda Yangambi zitatoka kwenye programu yangu. Yangu! Ikikwama, amesema, kiti changu cha ofisini anampa Osée. Osée! Huyo aliyekuja juzi tu, anayekunywa chai bila sukari ili aonekane msomi. Nimeijaribu nyumbani, mtaani Tshopo, kwenye Windows. Safi kabisa.

Jumanne, 10 Juni
Aibu! Kompyuta ya bandarini ni ya Linux. Abiria wa peke yake, sawa. Abiria mwenye mwenzake, skrini inaganda. Osée akachungulia bila kuitwa. Ati programu inashika kufuli ili kazi mbili zisiandike orodha pamoja. Halafu, ikiwa bado imelishika, inajiita tena kwa ajili ya mwenzake na kuomba kufuli lilelile. Lile la Windows linamruhusu aliyelishika aingie tena. Hili la huku, hapana. Donc, yaani, inajisubiri yenyewe, kama mtu aliyejifungia chooni anayengoja atoke ili aingie. Chantal wa tiketi alicheka mpaka machozi. Osée akashauri nilishike mara moja tu. Nikamwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Jumatano, 11 Juni
Nimeshinda! Nimebadilisha neno moja tu: sasa ni kufuli la kujirudia, aliyelishika anaingia tena popote. Wawili wawili wanapita. Osée akauliza kama nimetazama orodha ikiwa katikati ya kuandikwa. Wivu.

Ijumaa, 13 Juni
Mungu wangu! Maman Micheline na mama mkwe wake, wote kiti cha 14. Programu haikuwa imemaliza kuandika kiti cha kwanza. Ikajiingilia, ikakuta 14 bado wazi, ikakitoa tena. Wawili wawili wote hivyo! Viti arobaini, watu sitini na mmoja, kila mtu na beseni lake. Mama mkwe alikaa. Maman Micheline akakaa juu yake. Papa Hubert akaniita kwa jina lote, hata la ubatizo. Nilijificha nyuma ya magunia ya makaa. Osée alirekebisha kwa mistari sita. Watu ishirini na mmoja walibaki ukingoni, wakinitukana.

Jumamosi, 14 Juni
Osée amekaa kwenye kiti changu. Mimi nimepewa benchi, na Chantal ameliandika kwa chaki: 14. Papa Hubert ananipa wiki moja nimwonyeshe kwamba nimeelewa.

Bon, nimeelewa! Kosa lilikuwa kuiruhusu iingie mara mbili tu. Naandika upya, iingie hata mara mia. Nimeshajaribu nyumbani, kwenye Windows. Safi kabisa.