Dakika Ishirini na Moja za Kvernstein

Jumatatu, 10 Mei 2004

Ukungu. Baridi ya kuuma masikio. Kiti changu kiko hatarini.

Dada Solveig amerudi kututembelea. Ni yule Mnorwe aliyefundisha hapa Mbulu mwaka 1999, akaondoka akiniachia kaseti ya Kvernstein, bendi ya kwao ya metali, ule muziki mzito wa magitaa. Bila kaseti ile usingekuwepo Umoja wa Wasikilizaji wa Kvernstein Mbulu. Wanachama saba. Mwenyekiti: mimi, Modest Akonaay, mwalimu wa fizikia. Katiba niliiandika mwenyewe. Kifungu cha pili: mwenyekiti ni yule anayemiliki albamu bora ya bendi. Wakati huo wilaya nzima ilikuwa na moja. Kifungu kizuri sana.

Sasa kaja na albamu mpya. Sidii. Nikanyoosha mkono. Akampa Meshack! Tabibu wa kituo cha afya, katoka Tukuyu juzi tu, hana hata miaka miwili hapa. Sababu: eti Meshack ana mashine ya kuchezea sidii, mimi sina. Sababu ya kipuuzi.

Meshack akaniambia mbele ya watu nisihuzunike, hata Wajerumani waliondoka. Wakacheka. Philomena, katibu wetu, akakiandika kicheko kwenye muhtasari.

Mdahalo Jumamosi. Hoja: albamu mpya imeipita ya kwanza. Kura zitapigwa. Wakisema ndiyo, Meshack anakalia kiti.

Jumanne, 11 Mei

Nilikwenda kwa Meshack kupeleleza. Nikasikiliza nyimbo tatu. Msiba! Zinakwenda mbio kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Mwimbaji, ambaye kwenye kaseti sauti yake inatoka chini ya ardhi, humu anasikika kama kijana wa kwaya. Nikajua mara moja: soko huria. Wamepata pesa, wana haraka ya kwenda kuzitumia. Nilimweleza Meshack hivyo. Akasema labda mwaka ule mwimbaji alikuwa na mafua, na kwamba angefika kituoni angepona kwa siku tatu.

Nyumbani nikacheza kaseti ili kusafisha masikio. Wimbo wa tatu: dakika ishirini na moja kwa saa yangu. Jalada linasema kumi na saba. Wachapaji walikosea. Nilishasahihisha kwa kalamu nyekundu tangu mwaka 2000. Midundo inakwenda saba saba, si minne minne kama ya watu wavivu. Kila mdundo unatua, unatafakari, ndipo unamruhusu mwenzake. Huo ndio uzito!

Betri za radio yangu ya kaseti zikachoka kabla ya wimbo wa nne. Kwa kawaida naanika betri juu ya bati, lakini jua hakuna, nikazipanga karibu na jiko. Betri sita, nilizonunua kuukuu kama kawaida yangu, Krismasi ya mwaka juzi. Mtu asiyejua kuanika betri hutajirisha wenye maduka. Oliva, mke wangu, Mama Zita, alisema hizo ni marehemu, tutangaze mazishi. Oliva hakusoma fizikia.

Kidato cha Tatu leo: mota ya umeme. Niliwaeleza kwamba volti zikipungua, mota huzunguka polepole. Wakanitazama tu. Watoto wa siku hizi hawawezi kuhusisha darasa na maisha.

Alhamisi, 13 Mei

Mpango wa kwanza. Ubora lazima upimwe kwa kipimo, na kipimo lazima kiwe changu. Nikaandika azimio: kati ya albamu mbili, iliyo ya polepole zaidi ndiyo bora. Sentensi moja. Haina tundu.

Nilianza na Mzee Nikolausi. Aliendesha mashine ya kusaga miaka ishirini na mitatu. Alijiunga siku Dada Solveig alipotuambia kwamba Kvernstein maana yake ni jiwe la kusagia. Husema muziki mwingine wote una kasoro moja: hawaweki mashine. Nikamwamkia shikamoo, nikampa robo ya sukari, nikamsomea azimio. Akauliza kama kuna mtu anapinga. Nikasema hayupo. Akauliza kwa nini basi nimeleta sukari. Alisaini.

Philomena alisaini. Wengine wakafuata. Wa mwisho Meshack. Nilitegemea vita. Akasoma, akasoma tena, akasaini, akanipigia saluti kwa jina la Mheshimiwa. Amekata tamaa. Nilikaribia kumwonea huruma.

Ijumaa, 14 Mei

Mpango wa pili, ikiwa wa kwanza utateleza. Mdahalo ulipangwa ukumbi wa parokia, penye umeme. Mashine ya Meshack inataka umeme. Radio yangu inataka betri tu. Nikauhamishia kwenye ghala la zamani la ushirika, tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata mazao mashambani. Hakuna waya hata mmoja. Nikamwambia Philomena aandike sababu: mwangwi mzuri.

Jioni nilifanya mazoezi ya hotuba mbele ya ng'ombe. Walisikiliza mpaka mwisho. Oliva alikuja kuuliza kama kesho ni siku kubwa kweli. Nikamwambia Mama Zita, kesho ni heshima ya nyumba hii. Akageuka, akaenda kuzitazama betri karibu na jiko. Nadhani alilemewa na uzito wa jambo.

Jumamosi, 15 Mei

Mambo ya leo ni mengi. Niyaweke kwa mpangilio.

Saa nane mchana. Wanachama wote saba, Dada Solveig, Oliva kavaa kitenge cha harusi, na kuku wawili wasio wanachama. Meshack akaingia amebebesha baiskeli betri ya gari na kile kidude cha kubadili umeme. Ameazima kwa fundi wa magari. Mpango wa pili umekufa. Sikutikisika. Ninao wa kwanza.

Ilianza sidii. Wimbo mmoja. Mbio, mbio. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, ili Dada Solveig aone.

Kisha mimi. Hotuba dakika kumi na mbili. Nilisema mtakachosikia sasa hakitembei, kinasimama. Nilisema hata ng'ombe wa bondeni Yaeda Chini wakirudi kutoka majini wana haraka kuliko wimbo huu. Nikabonyeza.

Kaseti ikalipuka!

Ngoma kama mvua ya mawe juu ya bati. Magitaa yanafukuzana. Mwimbaji, yule mtu wangu wa chini ya ardhi, akapiga ukelele kama amekanyaga kaa la moto. Kuku wote wawili walitoka nje. Nikabonyeza kuzima, nikabonyeza tena. Mbio zaidi ya sidii! Nikapaza sauti kwamba kaseti imehujumiwa, na kwamba mhujumu ana elimu ya utabibu.

Hapo Oliva akasimama. Akasema kwa upole kwamba asubuhi alikwenda sokoni, akauza mayai trei moja, akaninunulia betri mpya sita. Za zamani amezitupa chooni. Alitaka nisiaibike mbele ya wageni.

Kisha Dada Solveig akapiga makofi. Akasema ndiyo hii hasa, hajaisikia tangu aondoke! Ndiyo albamu ya haraka kuliko zote za bendi. Ile mpya ndiyo waliyopunguza mwendo, mpaka mashabiki wa kwao wanalalamika kwamba wazee wamezeeka.

Mzee Nikolausi akacheka mpaka akashika nguzo. Akaeleza kwa faida ya wote: mashine ikikosa nguvu jiwe huzunguka kwa kuburuta, na unga unatoka chenga. Akasema mwalimu, miaka minne umetulisha chenga, na sisi tukasifu upishi.

Philomena akaomba kusoma azimio la Alhamisi. Iliyo ya polepole zaidi ndiyo bora. Sahihi saba. Ya kwanza yangu, tena na muhuri.

Kura sita kwa moja. Meshack alikaa kwenye kiti, akajaribu kuegemea, akasema kinayumba kidogo lakini atazoea. Kisha akaniuliza kama ningependa kuwa mjumbe wa kamati ya betri. Wakacheka. Philomena aliandika.

Njiani Oliva alibeba radio kichwani. Karibu na nyumba akauliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, amekosea mwenye duka, kwa kuuza betri kali kupita kiasi. Akaniambia Baba Zita, kula makande ulale.

Jumapili, 16 Mei

Baada ya misa nimefikiri kwa utulivu, kama mtu wa sayansi.

Kwanza: kaseti haina kosa. Imeathiriwa na betri mpya. Pili: Kvernstein wenyewe wanaupiga wimbo wa tatu haraka mno, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Nimeandika barua. Dada Solveig ataibeba. Nimewashauri waurekodi upya kwa dakika ishirini na moja, na nimeambatisha hesabu. Tatu: naanzisha Umoja Halisi wa Wasikilizaji. Katiba iko tayari. Kifungu cha pili sikukigusa, ni kizuri. Wanachama mpaka sasa: mimi. Nilimwomba Oliva. Anasema atafikiri nikimrudishia mayai.

Nimelichunguza shimo la choo kwa tochi. Betri za zamani zinaonekana. Hazifikiki.

Basi hizi mpya zizeeshwe kama zile. Radio inacheza tangu saa tatu asubuhi bila kupumzika, sauti ya mwisho. Majirani wamekuja mara mbili. Ng'ombe wamehamia upande wa pili wa boma.

Saa kumi jioni: wimbo wa tatu, dakika kumi na saba kamili.

Saa kumi na mbili: dakika kumi na saba na sekunde nne.

Inaanza kupona.