Pikipiki ya Kujaribiwa

Hakika aliiona pikipiki hata kabla ya kusoma kwamba inauzwa, na moyoni alikuwa ameshaiiba. Ilikuwa imeegeshwa kwenye kibaraza cha fundi wa viti, mwanamke wa makamo aliyeshona ngozi za viti vya pikipiki kwa cherehani nzito. Chombo kilikuwa chembamba, kimeinuka kama swala. Juu kilikuwa na taa na vioo vya mjini, chini matairi yenye meno ya kung'ata tope. Pikipiki ya lami na ya njia za mbuzi! Kwenye tanki palibandikwa kipande cha boksi: INAUZWA.

Hakika si jina aliloitwa na mamaye. Mtaa ulimpa, kwa kuwa kila uongo wake ulianza na neno hilo. Kazi yake ilikuwa kujaribu vyombo vya watu. Kila mara aliacha amana saa ya dhahabu, ambayo ilikuwa dhahabu upande unaoonekana, akaahidi kurudi baada ya dakika tano. Kuna watu ambao dakika zao tano zilikuwa zimeingia mwaka wa tatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivuli."

"Hakika, mimi ni mtu wa mashamba. Leo niko ofisini, kesho niko bondeni nakagua miche. Natafuta chombo cha lami na matope."

"Basi kimekungoja wewe." Fundi alikata uzi kwa meno. "Nimeachiwa tu. Mimi hata sijui kinavyowaka."

Masikioni mwa tapeli hakuna wimbo mtamu kuliko "mimi hata sijui". Hakika akaanza kufungua saa mkononi.

"Nikijaribu mzunguko mmoja? Nakuachia saa hii."

Fundi akaipokea kwa mikono miwili. "Nzuri. Ila inasema saa tisa, mwanangu, na mimi hata chai ya asubuhi sijanywa."

Hakika akakohoa.

"Niachie viatu," fundi akasema kwa upole. "Na koti. Na simu, nikupigie ukichelewa."

"Utanipigiaje, shangazi, simu ikiwa kwako?"

"Si nimekwambia mimi sijui mambo?"

Hakika akapima: pikipiki nzima kwa koti, simu na jozi ya viatu. Alimwonea yule mama huruma, huruma fupi iliyokwisha alipomaliza kuvua soksi. Fundi akainama kando ya tanki akilipangusa vumbi kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

"Nenda salama."

Kiki moja, injini ikaitika. Hakika akapita barabara ya lami kwa adabu zote, akakata kona, kisha akachepuka kwenye kinjia kinachoteremka bondeni, mahali ambapo gari lisingeweza kumfuata. Hapo ndipo lilipomtokea jambo asilolitarajia: alifurahi. Shimo likaja, springi zikalimeza. Jiwe likaja, pikipiki ikaliruka. Akasimama juu ya vikanyagio, tai ya shingoni ikampiga puani, akapiga ukelele hadi kunguru wakahama mti. Vyombo vingapi vimepita mikononi mwake! Vyote aliviona kama bidhaa. Hiki kilikuwa kinacheka naye.

"Hiki sikiuzi," akaapa, kana kwamba ni chake.

Chini kabisa, katikati ya kijito cha tope, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Akapiga kiki. Akapiga tena. Ya kumi na mbili ikamwachia unyayo ukiwaka moto.

"Koki," sauti ikasema.

Chini ya kibanda cha mabati alikaa makenika juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akaja pole pole, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Koki ya mafuta imefungwa. Dada yangu huifunga akijifanya anapangusa. Yanayobaki kwenye kabureta huishia hapa. Tulipima."

"Dada yako nani?"

"Fundi wa viti. Wewe ni wa nne mwezi huu."

"Hakika, nilikuwa narudi..."

"Wote walikuwa wanarudi. Walirudia kule." Akaonyesha mawe ya upande wa pili. "Kimbia tu, sina mbio."

Hakika akatazama mawe. Akatazama pikipiki, yenye tope hadi kwenye taa. Kisha, kwa sababu ambayo mpaka leo hawezi kuieleza, akashika usukani akaanza kuisukuma kupandisha mlima, makenika akimfuata nyuma akipiga mluzi.

Fundi alipomwona akijikokota hadi kibarazani, sindano ilimponyoka. "Umerudi?"

"Sikuwa narudi, shangazi. Nilikuwa naiiba." Jasho lilimtiririka. "Lakini nakuomba unipeleke tena bondeni. Mara moja tu. Hata nikae nyuma."

Fundi akaokota sindano yake. Akafungua aproni, akapokea ufunguo kwa kaka yake, akafungua koki.

"Panda."

Yule asiyejua kinavyowaka alikiwasha kwa kiki moja. Bondeni waliingia kama jiwe lililotupwa. Kijito walikiruka. "Taratibu, shangazi!" Hakika alilia, kisha, "Zaidi, shangazi!" kisha akaanza kuwaomba radhi, kwa majina, watu wote aliowahi kuwatapeli. Wakapanda upande wa pili, wakavuka kilima, wakatokea mbali kwenye lami nyingine asiyoijua.

Fundi akasimama. "Shuka kidogo, mwanangu, unitazamie tairi la nyuma. Naona linayumba."

Hakika, bingwa wa mitaa saba, akashuka pekupeku na kuinama. Tairi lilikuwa zima kabisa. Alikuwa na hakika ya hilo kwa sekunde moja. Ya pili, lilikuwa limeshaondoka.

"Shangazi!" aliita. Mama yule aliinua mkono mmoja bila kugeuka, akachepuka tena vumbini.

Hakika akabaki ameinama vile vile, uso umejaa tope. Halafu akaketi chini kando ya lami, akacheka hadi akashika mbavu, na akampigia makofi.