Kitenge cha Kokubanza

Jumanne, 12 Novemba 1974

Senene wameanguka, wale panzi watamu wa msimu! Ijuganyondo nzima iko majanini tangu alfajiri, wanawake na vikapu vyao. Kwangu kimya. Mke wangu Kokubanza yuko kwao Kishanda tangu Agosti. Desturi yetu inajulikana: mke anaokota, anachambua, anakaanga, anamwekea mume, mume naye anamvika nguo mpya. Yeye mwenyewe hali hata mmoja, ndivyo alivyolelewa. Misimu mitatu nimekula. Nguo nilikuwa naahidi.

Sasa kitenge ninacho! Nimetoa mbuzi wangu wa pekee. Jumapili nakipeleka, arudi nyumbani. Ila kwenda na nguo tu baada ya misimu mitatu ni aibu. Nimepata wazo. Nitafuga senene hapa hapa kibanjani, asilowe umande tena maishani! Nimeng'oa mihogo, nikapandikiza nyasi.

Alhamisi, 14 Novemba

Zizi la matete limekamilika. Senene debe zima ndani, wanarukaruka. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Byarugaba, kapita kukagua mashamba. Akauliza mihogo iko wapi. Nikamjibu kwamba hiki ndicho kilimo cha kufa na kupona. Akataka kujua katika hayo mawili mimi nimechagua lipi. Mzee yule haoni mbali.

Jioni kunguru wakagundua zizi. Chandarua sina. Nikakitazama kitenge, nikakitandaza juu ya zizi. Siku mbili tu, nikajiambia.

Jumamosi, 16 Novemba

Ole wangu! Senene wamekitafuna kitenge. Matundu kama chekeche, na wengi wametorokea humo humo. Waliobaki wanalana wao kwa wao. Nimekaa chini palipokuwa na mihogo nikalia. Kisha nikawakaanga. Hawakujaza hata bakuli.

Jumapili, 17 Novemba

Misa ya kwanza, halafu basi la Muleba hadi Kishanda. Baba mkwe, Mzee Karugendo, akapokea kifurushi cha senene, akala, akasema kwa mikono ya mwanamume si haba. Nikapata moyo. Kokubanza akaitwa. Amekonda. Kitenge nilikuwa nimekikunja matundu yakae ndani, akakikunjua chote. Hakufoka. Aliuliza tu kimeliwa na nini. Nikasema kweli.

Akasema misimu mitatu ameloa umande ili nimvike yeye, na leo nimewavika senene. Mzee akaacha kutafuna. Kokubanza akakikunja upya, taratibu, matundu ndani, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaingia ndani. Nampenda mwanamke yule. Sikumwambia. Nilikuwa bado naeleza habari za zizi.

Jumatano, 20 Novemba

Ujumbe kutoka Kishanda. Mzee Karugendo anasema niandae wazee wangu waje wazungumze na wazee wake. Binti yake harudi. Natengeneza chai ya watu wawili, namwaga kikombe kimoja.

Siku tatu nimetafuta kosa langu lilikuwa wapi. Leo nimeliona! Kitenge ni chepesi mno. Meno ya senene yanataka kitu kizito. Sandukuni kuna blanketi la Kokubanza, alilopewa na mama yake siku ya harusi. Hakuondoka nalo, nadhani alitaka kurudi. Bado lina harufu yake.

Nimelipima. Linatosha zizi zima.