Ukimya wa Baba Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkubwa kaja studio na flashi, kaifunga ndani ya leso. Ni video ya marehemu baba mkubwa akiwausia wanawe. Sauti yake haipo kwingine. Simu iliyoirekodi iliibwa. Tatizo: mdomo umeshafumba, neno ndiyo kwanza linatoka. Jumapili ukoo unakutana kuitazama. Nikamwambia ni kazi ya dakika tano. Akauliza kama si bora ampelekee Miwani wa ng'ambo ya barabara. Miwani! Niliyemfundisha mimi kushika kamera! Nimeumia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeisogeza sauti nusu sekunde. Mwanzo umekaa sawasawa, chanda na pete. Nimehifadhi juu ya ileile ya zamani, na flashi nikaisafisha. Kuweka nakala ni kujitilia shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeitazama hadi mwisho. Laiti nisingeitazama. Kadiri anavyosema ndivyo sauti inavyozidi kubaki nyuma. Miwani kapita, kachungulia, kasema video za simu ndivyo zilivyo: hurekebishwa kwa kuibana sauti yote kidogo ili iende na mdomo, hakikatwi kitu. Akajitolea kunisaidia. Nikamjibu kwamba mtoto hamfundishi baba yake kutembea. Akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa. Kila baba mkubwa anaponyamaza, nakata picha na sauti, halafu naanzisha neno linalofuata pamoja na mdomo wake. Kikohozi, nje. Kuvuta pumzi, nje. Sasa anasema moja kwa moja, kama mtangazaji wa mpira.

Jumapili, 9 Machi
Wote wamesifu. Isipokuwa mama mkubwa. Kasema marehemu alipofika kwenye jina lake yeye, mkewe, alinyamaza, akameza mate, ndipo akamwita. Kila asubuhi mama mkubwa alikuwa akiitazama video, akiusubiri ukimya ule. Akaomba nimrudishie ile ya zamani, na ichelewe tu. Nikamwambia haipo. Hakunigombeza. Alikunja leso yake akaomba arudishwe nyumbani. Nimejisikia vibaya kuliko siku ya mazishi.

Jumatatu, 10 Machi
Lazima nirudishe heshima. Nimemwomba mama video ya marehemu baba yangu. Kasita sana, kisha akanipa, akisisitiza niweke nakala kwanza. Maneno ya Miwani hayo, bila shaka. Baba alikuwa anakohoa mno. Nimeshaanza kukata.