Pasha na Mama Yake wa Kubuni

Jumapili, 6 Aprili

Mouloud kinyozi kaning'iniza picha mpya dukani kwake. Yeye, ndege wake, na dele la shaba la kahawa alilotwaa katika mashindano ya ndege waimbao ya mwaka jana. Kaiweka juu ya kioo, makusudi, ili kila anayenyolewa aione apende asipende. Mimi sinyolewi tena kwake. Nina ndevu za miezi mitatu. Mke wangu Nouara anasema yeye halali na ufagio. Potelea mbali! Ijumaa tunashindana tena mkahawani, na safari hii nina Pasha. Mtaa wetu wote wa Bab el Oued haujasikia maknini wa namna hii, na hao ndege wadogo wa uso mwekundu tunawajua. Leo asubuhi aliimba mpaka mama wa ghorofa ya tatu akaacha kumgombeza mumewe. Dele ni langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Balaa! Redio imesema ofisa wa misitu anapita mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba. Maknini wa porini hafugwi, ukikutwa naye anachukuliwa. Waliozaliwa kizimbani hawana shida, wana pete mguuni waliyovishwa wakiwa vifaranga, na ndege aliyekwisha kukua huwezi kumvisha, haipiti. Pasha hana pete. Pasha nilimnunua kwa mtu mwenye gunia aliyekuwa akitazama nyuma kila dakika.

Kumchukua Pasha! Nani ataniamsha?

Kisha mtaalamu wa redioni akafafanua, Mungu amzidishie. Sheria inalinda spishi. Mtoto wa maknini na kanari si wa spishi ile. Huyo ni chotara, rukhsa kufuga. Niliibusu redio. Nouara aliona, akaja kuifuta kwa kitambaa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemfanya Pasha chotara. Kazi ya saa nzima. Wekundu wa usoni nimeupaka manjano, sasa una rangi ya chungwa lililolaliwa. Kaning'ata mara mbili. Nimemwomba radhi, nikamwambia ni kwa faida yake.

Supu ya jioni imekuja nyeupe. Nouara akataka kujua manjano yake yamekwenda wapi. Nikamjibu kwamba yametumika katika mambo ya sayansi. Akasema basi kesho sayansi inipikie.

Jumatano, 9 Aprili

Ofisa amekuja. Binti mdogo, Wassila, mpole, viatu vina matope ya kweli ya msituni. Akamtazama Pasha muda mrefu. Akasema sura si hoja, Ami Zoubir, manyoya hudanganya. Alitaka kujua wazazi.

Nikamwambia baba ni maknini, marehemu. Mama ni kanari. Jina? Sikulitegemea swali hilo! Nikasema Zahia. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba alikuwa kanari mcha Mungu, alikufa majira ya baridi, na kwamba mimi na mke wangu hatujapoa. Binti akanipa pole. Jikoni kitu kilianguka. Nadhani ni Nouara.

Akakubali. Lakini, lo! Akatoa pete ya buluu ya kubana, akamfunga Pasha mguuni. Ni alama ya chotara, haitoki ila kwa kukatwa, na akiikuta imekatwa anarudi na tundu lake kumchukua.

Ameshaondoka. Pasha amebaki wangu kisheria. Na mkahawani hawapokei chotara! Damu safi tu, ndiyo kanuni tangu enzi za babu zetu. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Suluhisho! Nimemwosha uso, wekundu umerudi. Mguu nimeufunga plasta juu ya pete. Nitasema kateguka. Ni akili ndogo tu, sijui kwa nini watu hawaitumii. Nouara kaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia hata ya kwenda mkahawani ni fupi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa, ingawa mkono hautaki.

Baada ya sala mkahawa ulijaa. Matundu ukutani, kimya, hata vijiko vimetulia. Ndege wa Mouloud akaimba vizuri, sina haja ya kuficha. Kisha Pasha. Wallahi, wazee walifumba macho. Haji Tahar, mwamuzi, alisahau sigara yake ikamuunguza kidole. Akatamka: "Dele la Zoubir!"

Mouloud akaja kunipongeza. Mkono mmoja kwangu, wa pili tunduni, eti ampe pole mgonjwa. Plasta ikabaki kidoleni mwake. Pete ya buluu, mbele ya watu wote!

"Oyaa! Mtoto wa kanari huyo!" akapiga kelele. "Mwulizeni mamaye anataga wapi!"

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Na nani anainuka pale pembeni na glasi ya chai ya nanaa? Wassila. Mouloud ndiye aliyemwalika, nyoka yule.

Akauliza taratibu: "Ami, ni chotara au si chotara?"

Haji Tahar naye akangoja jibu lile lile. Nikisema chotara, Pasha ananirudia nyumbani na dele linakwenda kwa Mouloud. Nikisema safi, dele langu, Pasha wa msituni. Nilijua. Naapa nilijua! Nikafungua mdomo niseme chotara.

Mouloud akalia sauti ya kanari. "Tsii, tsii."

"Safi!" nikanguruma. "Baba maknini, mama maknini, babu maknini! Zahia hajapata kuzaliwa!"

Wakanishangilia. Wakanibeba. Nilipowekwa chini nina dele mkononi, tundu limeshatoka mlangoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Binti kaniita nikafungue mlango wa tundu mwenyewe, porini juu ya mji. Kasema kwa kuwa nimekiri hadharani, safari hii ni onyo tu. Akaikata pete. Pasha hakutoka. Nikafurahi kijinga, nikaanza kusema unaona, hataki. Akatoka. Akatua kwenye magugu ya miiba, akaimba kidogo, akaenda zake.

Nililia, tena mbele ya mtumishi wa serikali.

Nyumbani Nouara kaweka kahawa katika dele. Akasema tunywe basi, maana hili haliimbi. Mouloud akagonga, kichwa chini, akajitolea kuninyoa bure. Nikakubali. Picha kaitoa. Leo niliamka saa nne, hakuna aliyeniamsha.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona. Nilikuwa na maknini safi nikamfanya chotara. Kichwa chini miguu juu!

Nimenunua kanari jike. Nimemwita Zahia. Yupo barazani, na maknini dume wa jirani, mwenye pete halali, nimeshamwombea posa. Mtoto atakuwa chotara wa kweli, pete ya buluu ya kweli, sheria haina la kusema. Kitakachobaki ni kuwaaminisha watu wa mkahawani kwamba ni damu safi. Wekundu wa usoni tu, basi.

Nouara anauliza bitiruti zake za saladi zimekwenda wapi.